Semina za teknolojia kwa mawakili: jamani, mleteni na karani

Mhariri, salaam kwako na kwa wote hapo chumba cha habari.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu hizi semina za teknolojia wanazofundishwa mawakili wa ofisi ndogo, maana mimi ni mmoja wa wanaozifundisha, na kila nikimaliza kukusanya waya zangu najiuliza swali lile lile, hivi huyu niliyemfundisha leo ndo atakayekaa kwenye ile kompyuta kesho asubuhi? Mara nyingi siye. Atakayekaa ni karani wake, au sekretari, au binti wa fildi anayemalizia diploma yake ya sheria, na huyo semina hakuja, aliachwa ofisini apokee simu.

Mimi si wakili, niseme mapema watu wasije wakanitafuta kwenye e-Wakili, ule mfumo wa mtandao wenye orodha ya mawakili, wakanikosa. Ni fundi kompyuta, niliingia kwenye ofisi za mawakili kwa kutengeneza printa na kuondoa virusi kwenye fulashi, tukazoeana, wakaanza kuniita nije "niongee kidogo mambo ya IT" kwenye mafunzo yao. Kwa msomaji ambaye hayajui haya, wakili wa Tanzania Bara anatakiwa aendelee kusoma hata baada ya kuapishwa, wenyewe wanaita CLE, chama chao cha TLS ndo kinasimamia, unahudhuria unapata pointi na pointi zinahitajika wakati wa kuhuisha leseni ya mwaka. Kwa hiyo ukumbi haukosi watu. Mwisho wa mwaka ndo usiseme, unakuta mtu kasafiri na basi usiku kucha, kakaa kiti cha nyuma kabisa, kasaini karatasi ya mahudhurio, na ikifika saa 8 mchana baada ya pilau anasinzia na mimi niko mbele namwambia habari za usalama wa mtandao. Simlaumu. Nilichomwandalia hakimhusu.

Ofisi kubwa za Posta na Masaki barua hii haina habari nazo, wale wana mtu wao wa IT na seva yao na wanajua wanachofanya. Nazungumzia ofisi ya wakili mmoja au wawili, Kahama, Njombe, Babati, au hata hapa hapa Dar upande wa Mbagala, chumba juu ya duka la dawa, meza ya wakili ndani, pazia, meza ya karani nje, laptopu moja yenye betri iliyokufa kwa hiyo umeme ukikatika na yenyewe inazima, printa moja, intaneti ni hotspoti ya simu ya karani na bando karani huyo huyo ndo kanunua. Karani anapokea mteja, anachapa, anatoa kopi, anapeleka samansi, anafuatilia nakala ya hukumu, na tangu mahakama zetu zihamie kwenye mfumo wa mtandao yeye ndo anapandisha nyaraka. Wakili yuko mahakamani kuanzia asubuhi, akitoka huko anaenda kuona mteja mahabusu, jioni anarudi anasaini. Ndo kazi ilivyo.

Sasa angalia hapa. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zilitoka 2018, Tangazo la Serikali namba 148, na baadaye mfumo wenyewe ukaboreshwa ukawa hii e-CMS ya sasa. Kanuni ya 21 inasema nyaraka ikiwasilishwa kabla ya saa 6 usiku inahesabika imewasilishwa siku hiyo hiyo, isipokuwa kama mahakama ilipanga saa yake au kama imekataliwa, na ukiipandisha Jumamosi, Jumapili au sikukuu inahesabika ya siku ya kazi inayofuata. Mawakili wengi waliipokea kwa furaha, zamani dirisha la masijala likifungwa umefungiwa, leo una mpaka usiku. Lakini saa 5 na nusu usiku nani yuko kwenye mfumo? Ni karani, yuko nyumbani kwake, mtoto analia, simu ina asilimia 9.

Halafu kuna la ada. Tangu ile kesi ya John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza, ya 1992, Mahakama ya Rufani ilisema tarehe ya kufungua shauri ni tarehe ada ilipolipwa. Mfumo wa mtandao ulipokuja watu wakaanza kubishana, je tuhesabu siku nyaraka ilipopandishwa au siku malipo yalipoingia, na majaji wa Mahakama Kuu wenyewe wamewahi kuamua tofauti. Sitaingia kwenye ubishi huo, si kazi ya fundi printa. Ninachojua ni kwamba ofisi yenye busara haikai ikasubiri ubishi uishe, kontroo namba ikitoka inalipwa usiku ule ule na risiti inahifadhiwa mahali inapoonekana. Na hapo ndo niliposhangaa, kuna karani mmoja nilimkuta ofisini kwake nimeenda kuunganisha skana, mtu makini sana, mwandiko mzuri, faili zake zimepangwa kwa rangi, basi akawa ananionyesha anavyofanya kazi, anapandisha hati jioni, kontroo namba inatoka, anaiandika vizuri kwenye kikaratasi cha njano anakibandika kwenye meza ya bosi ili bosi akija kesho asubuhi alipe. Ndo utaratibu wake siku zote. Nikamuuliza na kama leo ndo siku ya mwisho je? Akaniangalia tu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kile kikaratasi kinaweza kuua kesi ya mtu, na bosi wake alishakaa kwenye semina ambayo jambo hilo hilo lilizungumzwa kwa kirefu, akaandika kwenye notibuku, notibuku ikabaki kwenye gari.

Kanuni hizo hizo zina njia ya kunusurika ikiwa mfumo ndo uliokwama, lakini lazima uonyeshe kwamba ulikwama, siyo kusema tu "mtandao ulisumbua mheshimiwa". Yaani unahitaji picha ya skrini yenye kosa lililotokea, saa na tarehe vinaonekana. Nani anatakiwa kuipiga hiyo picha? Yule aliyekuwa mbele ya skrini. Wakili anaelezwa habari hiyo kesho yake kwenye simu, na kesho yake ujumbe wa kosa haupo tena.

Nikiwa na saa mbili tu za kufundisha watu wa ofisi ndogo, wala sianzi na akili mnemba, yaani AI. Naanza na PDF. Watu wanacheka, PDF jamani? Ndiyo PDF. Njia ya hati ya madai kwenye ofisi nyingi ni hii, inachapwa kwenye Word, inatolewa kwenye printa, inasainiwa na kugongwa mhuri, viambatanisho vinapigwa picha kwa simu moja moja kwa ile programu ya bure inayoweka tangazo lake chini ya kila ukurasa, kurasa nyingine zimelala ubavu, nyingine zina kidole gumba cha karani pembeni, kisha vinatumwa WhatsApp kwenda kwenye laptopu, huko vinaungwa, faili linakuwa zito mfumo unaligomea, basi linapelekwa steshenari jirani likapunguzwe. Steshenari! Mkataba wa mauziano ya kiwanja wa mteja, kitambulisho chake cha NIDA, barua ya benki inayoonyesha deni lake, vyote vinabaki kwenye dasktopu ya kompyuta ambayo mchana kutwa wanafunzi wanachapia barua za kuomba kazi. Na jina la faili ni SCAN0047, kwa hiyo hata mwenyewe ukirudi mwezi ujao hulijui.

Hilo la steshenari si aibu tu siku hizi, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwao. Ofisi ya wakili inakusanya nini zaidi ya taarifa za watu? Talaka, magonjwa, madeni, watoto wa nje, kila kitu kiko kwenye yale mafaili. Mawakili wenyewe wanaijua sheria hii kuliko mimi, wanawashauri wateja wao kuhusu hiyo sheria na kulipwa, ila fulashi ya ofisi iko kwenye funguo za karani pamoja na opena ya soda.

Kinachofuata kwangu ni Word, na hapo naomba mnisikilize vizuri. Ofisi ndogo haiandiki hati ya kiapo upya, inachukua ya zamani inabadilisha majina. Hakuna ubaya, kila mtu anafanya hivyo. Ubaya ni pale jina la mteja wa zamani linapobaki aya ya 7. Au pale hati ya kiapo ya zamani ilikuwa ya Mkristo, ya sasa ni ya Muislamu, karani kabadilisha jina tu, basi Alhaji wa watu anasomeka ni Mkristo na anaapa kama Mkristo badala ya kuthibitisha kama Muislamu, upande wa pili wakiona hivyo wanasimama na pingamizi la awali huku wanatabasamu. Au kule chini kabisa anaposaini kamishna wa viapo, mahali na tarehe vimeachwa wazi au vimebaki vya mwaka juzi. Haya mambo dawa yake ni ndogo mno, unatengeneza kiolezo kimoja safi chenye mabano ya rangi ya njano kila sehemu ya kujaza, unamfundisha karani kutafuta hayo mabano kabla ya kuchapa, na unamkataza kabisa kufungua faili la mteja mwingine ili kuandika la huyu. Nusu saa inatosha. Lakini nikimfundisha wakili nusu saa hiyo anatikisa kichwa kwa heshima, "umesema kweli mwalimu", halafu anaondoka, kwa sababu yeye violezo havifungui. Nikimfundisha karani, kesho yake ananipigia, "kaka, yale mabano hayatokei, nimebonyeza nini?" Hapo najua somo limeingia.

Msidhani ni matatizo ya kwetu tu. Marekani, chama chao cha mawakili, ABA, mwaka 2012 kiliongeza maelezo kwenye kanuni za maadili kwamba wakili anatakiwa aende sambamba na faida na hatari za teknolojia inayohusu kazi yake, na jimbo la Florida tangu 2017 limeweka lazima, saa 3 za teknolojia kila miaka mitatu. Na bado mambo yanawatokea. Wote mnamkumbuka yule wakili wa Texas Februari 2021 aliyeingia kwenye kesi kwa video akaonekana paka, anajitetea kwa jaji kwamba yupo na yeye siyo paka? Dunia nzima ilicheka, ila watu wachache walisikia sehemu ya pili ya habari, kwamba alikuwa anatumia kompyuta ya msaidizi wake wa ofisi. Wakili kakaa kwenye mashine ambayo kila siku anaitumia mtu mwingine, hajui kuna nini ndani, hajui pa kuzimia. Hebu niambie ni mawakili wangapi hapa kwetu ukiwapeleka ghafla kwenye laptopu ya karani wao wanajua shauri la leo liko foda gani.

Kingine kilitokea Januari 2019 kwenye kesi ya Paul Manafort, yule aliyekuwa meneja wa kampeni ya Trump. Mawakili wake walipeleka mahakamani nyaraka ambayo sehemu za siri zimefunikwa na wino mweusi, waandishi wa habari wakakopi yale maandishi yaliyo chini ya wino, wakayabandika kwenye ukurasa mwingine, yakatokea yote. Kwa nini? Kwa sababu aliyeandaa aliweka rangi nyeusi juu ya maneno, maneno yenyewe hakuyafuta. Mimi hili naliweka kwenye projekta, natoa fulashi yenye faili la namna hiyo la mfano, nawaambia makarani wavumbue jina lililofichwa. Hawachukui hata dakika mbili. Halafu ukumbi unakuwa kimya kidogo kwa sababu kila mmoja anakumbuka aliwahi kutuma nini kwa nani.

Na akili mnemba, haya, tuiseme maana ndo kila mtu anaitaka kwenye mabango ya semina. Kesi ya Mata dhidi ya Avianca, New York, Juni 2023, Jaji Castel aliwapiga mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka hoja zenye kesi zilizotungwa na ChatGPT, moja inaitwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines, haipo duniani. Watu hapo huwa wanaishia kusema "akili mnemba ni hatari". Mimi huwa najaribu kuwaonyesha upande mwingine, ile ilikuwa ofisi ndogo, mwenye kutafuta kesi alikuwa mtu mzima wa miaka mingi kwenye kazi, na kiini cha tatizo ni kwamba hakwenda kuzisoma zile kesi penyewe zinapotunzwa. Sisi tuna tovuti ya TanzLII, bure kabisa, hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zipo, unaandika jina inatokea au haitokei. Kwa hiyo somo langu la akili mnemba linachukua dakika kumi na lina amri moja tu, hakuna kesi inayoingia kwenye hoja bila faili lake la PDF kutoka TanzLII kuwekwa kwenye foda ya shauri hilo. Na nani anaweka kwenye foda? Mnajua nitakachosema.

Nikifika hapa kwenye mazungumzo na viongozi wanaoandaa mafunzo huwa napata majibu matatu. La kwanza, karani hana pointi za kutafuta, kwa nini aje. Ndo maana nikaandika barua hii, maana tukiendelea kuhesabu pointi za wakili peke yake tutakuwa tunamfundisha tajiri wa daladala sheria za barabarani dereva yuko nje anapiga soga.

La pili linasemwa kwa sauti ya chini, kwamba ukimfundisha karani sana anaondoka, anaenda ofisi kubwa mjini au anafungua steshenari yake. Kweli wapo wanaoondoka. Ila huyo asiyefundishwa naye anaondoka, tena akiondoka yeye hasara ni kubwa zaidi kwa sababu utaratibu wote ulikuwa kichwani mwake. Nimeona ofisi ambayo namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ya wakili ni ya karani aliyeacha kazi, paswedi ni jina la mtoto wake yule karani, na barua pepe ya ofisi ilifunguliwa kwa simu yake. Wakili anahuisha vitu vyake inabidi ampigie mtu waliyeachana kwa ugomvi wa mshahara, ambembeleze amsomee namba iliyoingia kwenye meseji. Hilo nalo linafundishika, akaunti zote zisajiliwe kwa namba ya wakili mwenyewe, paswedi ibadilishwe siku ile ile mtu anapoondoka, na kuwe na daftari moja la nani anaingia wapi, lifungiwe kabatini pamoja na mihuri.

La tatu ndo zito, wanasema mkiwafundisha makarani mnatengeneza vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili. Hofu naielewa, vishoka wapo, wanazunguka nje ya mahakama na mabegi yao, wanawaliza wananchi. Lakini kishoka hahitaji semina yangu. Kishoka anazaliwa pale wakili anapoacha paswedi yake na mhuri wake mezani akaenda zake, hati zinatoka kwa jina lake hajazisoma, na karani anagundua kwamba kumbe hili linawezekana bila bosi. Dawa ni wakili na karani wake wakae meza moja, laptopu moja, waelewane wazi nani anapandisha, nani anasoma kabla haijapandishwa, nani anabonyeza kitufe cha mwisho. Wenzetu wa Marekani wana kanuni ya 5.3 inayomwambia wakili kwamba mwenendo wa wasaidizi wake wasio mawakili ni jukumu lake kuusimamia. Utausimamiaje mwenendo wa kwenye kompyuta usipojua wewe mwenyewe mwenendo huo unatakiwa uweje?

Kwa upande wetu walimu nasi tujirekebishe. Slaidi 80 za Kiingereza kuhusu "mustakabali wa sheria duniani" hazimsaidii mtu wa Sumbawanga, na inachekesha kidogo kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, sisi kwenye kufundisha namna ya kutumia mfumo wa mahakama hiyo hiyo bado tunajikakamua kwa Kiingereza mbele ya watu wanaotuelewa vizuri tukiongea kawaida. Mimi nilishaacha. Naingia na slaidi chache, za picha za skrini tu, na muda mwingi watu wako kwenye mashine zao wenyewe. Nasisitiza mashine zao wenyewe. Ukiwafundishia kwenye kompyuta za chuo zenye Word mpya na intaneti ya kasi, wanarudi kwao wanakuta Word ya mwaka 2010 vitufe viko pengine, wanaona aibu kuuliza, basi imeishia hapo. Waje na laptopu ile ile iliyochakaa, na skana ile ile, na shauri moja la kweli wakishafunika majina ya wahusika, wafanye mwanzo mpaka mwisho, kuchapa, kuunganisha, kupunguza uzito, kuipa faili jina la maana lenye tarehe mbele, kuweka bakapu kwenye diski ya nje, na kuichomoa hiyo diski! Diski ya bakapu inayoachwa imechomekwa mwaka mzima virusi vikiingia navyo vinaila pamoja na laptopu.

Na baada ya hapo kuna kitu hatukifanyi kabisa, kufuatilia. Semina ikiisha picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Kumbe maswali ya kweli yanaanza wiki ya pili. Nina kundi la WhatsApp la makarani wa ofisi kadhaa niliowahi kupita, halina jina la maana, na lile kundi kwa kweli linanifundisha mimi. Mtu anauliza jambo usiku, mwingine wa mkoa mwingine kabisa anamjibu kwa voisi noti kabla mimi sijaamka. Siku mfumo ukikwama wanaambiana, wanapiga picha za skrini, wanazitunza. Hakuna aliyewalipa posho.

Ombi langu kwa TLS na chapta zake za mikoani ni dogo tu. Mnapotangaza semina ya teknolojia mwaka huu, kwenye tangazo muongeze mstari mmoja, kwamba kila wakili aje na karani au sekretari wake na huyo wa pili asilipishwe ada, chakula chake tutajua tunafanyaje. Ofisi ya wakili mmoja haiwezi kulipa watu wawili, ukijumlisha nauli na gesti tayari ni pesa ya kodi ya ofisi. Fanyeni siku ya Jumamosi, mahakama hazikai, na fanyeni mikoani badala ya kuwavuta watu wote Arusha au Dar. Ukumbi wa hoteli hatuuhitaji. Chumba cha shule kinatosha ila kiwe na soketi za kutosha, na tafadhali mtu aje na ekstensheni ndefu, maana zile laptopu betri zake nilishasema.

Ahsante mhariri kwa nafasi.

Fundi wa makarani,
Morogoro